Tima na Chuo cha Nyumba

Tima binti Shee hakujua kungoja. Takaungu nzima ililijua hilo kabla ya kujua lolote jingine juu yake. Akitembea, kanga yake ilibaki nyuma kidogo ikimkimbilia. Wali wake ulishuka jikoni ukiwa na kiini. Aliolewa mara mbili na mara mbili akaachika, au yeye ndiye aliyewaacha, maana mume wa kwanza alikula polepole na wa pili alisimulia safari zake polepole zaidi. "Tima akienda kisimani," wanawake walisema, "ndoo hufika baada yake."

Lakini Tima alijua kusoma. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani asiyejaliwa mtoto wa kiume, basi alimfundisha binti yake kila alichokuwa nacho, pamoja na jambo ambalo wasichana wengi wa siku zile hawakufundishwa: kusoma lugha yao wenyewe ikiwa imevaa herufi za Kiarabu. Si kazi nyepesi. Herufi zile hazikukatwa kwa kipimo cha Kiswahili. Neno moja lililoandikwa laweza kutamkwa kwa njia mbili tatu, na msomaji hana budi kukisia linalokuja ndipo alijue lililo mbele yake. Tima alikuwa na kipaji hicho. Jicho lake lilikwenda mbele, ulimi ukafuata, na katikati yake hapakupita hata pumzi. Akisoma utenzi wa vita katika nyumba ya harusi au ya matanga, wanawake walilia kabla upanga haujashuka. Aliitwa Kilifi, akaitwa Mtwapa, akaitwa hata Malindi, akarudi na sauti iliyokauka na kanga mpya.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Tima hakuwahi kumaliza hadithi ndefu hata moja. Tenzi alizimaliza, kwa kuwa tenzi zina mbio ndani yake. Lakini akipewa chuo kinene, kama watu wa pwani walivyokiita kitabu, chuo cha maneno yasiyo na vina, cha mtu anayetoka kwao mwanzoni na hata baada ya majani mengi hajafika kisimani, kifua kilimbana. Aliruka. Akiruka na hadithi bado haijaamka, alikifunga chuo, akatazama juu, akaimaliza kwa maneno yake mwenyewe: mwovu akafa, mwema akaoa, wasikilizaji wakasema amina. Wengine walisifu kwamba hadithi zinazosomwa na Tima zina miisho mizuri kuliko za wasomaji wengine.

Mwaka ule, miaka michache kabla ya vita vya Wazungu kufika pwani, alifariki Uthman, mtu aliyekuwa akinakili vyuo kwa mkono. Alikuwa mpole, mzito wa mwendo, mtu wa kuchonga kalamu yake ya utete asubuhi nzima kabla ya kuandika mstari mmoja. Ukimsalimu njiani, ulikuwa umeshampita ndipo jibu likufikie mgongoni. Alimwacha mjane, Zeina, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Hawakujaliwa mtoto. Zeina akaingia eda.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na kwa watu wa mji ule haikuwa ya maneno. Mjane alivaa nguo zisizo na rangi, hakujitia manukato, hakuvuka mlango, hakuonana na mwanamume ambaye angeweza kumwoa. Mchana ulikuwa mrefu. Kwa hiyo wanawake wa mtaani walikuwa na desturi ya kwenda kumkalia. Baada ya alasiri walikuja na miyaa yao, wakaketi ukumbini wakisuka ukili wa mikeka, na aliyejua kusoma akasoma. Na ilijulikana kwamba chuo kikianzwa katika nyumba ya eda humalizwa kabla mjane hajatoka. Kukikatiza ilikuwa kama kumwacha yeye nusu ndani, nusu nje.

Zeina akatuma watu wamwite Tima.

"Shikamoo, dada Tima."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mungu akupe subira. Nimekuja na vita hapa kwapani. Utalia, utatoa yote, utapoa."

"Sitaki vita," Zeina alisema. Aliingia chumbani, akarudi na chuo kinene kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Jani lake la kwanza lilikuwa limeliwa na mchwa, hivyo halikujulikana jina lake wala la aliyekitunga. Uthman alikiita chuo cha nyumba, basi. Katikati yake palikuwa na unyoya wa kuku. "Hiki alikuwa akinisomea. Kila siku baada ya isha, kidogo kidogo. Alifika hapa."

"Haya, nitaanzia hapo."

"La, anzia mwanzo. Mimi nilikuwa nalala."

Alilisema hilo wazi, kama mtu anayetaja maradhi yake kwa mganga. "Kila siku, dada. Akianza tu, usingizi. Wala hakukasirika. Husoma mpaka mwisho wa sehemu yake, kisha huzima taa. Miaka yote hiyo alikuwa akiniambia neno nami silisikii. Sasa nataka kulisikia."

Na muda ulikuwa na mpaka. Katika maradhi yake Uthman aliusia kwamba vyuo vyake vyote viende Lamu, viwe wakfu kwa wanafunzi wa mwalimu aliyemfundisha. Ndugu yake Abubakr, aliyekaa Malindi, aliahidi kutovigusa mpaka eda iishe, ili nyumba isionekane inakombwa na mjane bado yumo. Siku hiyo angekuja kuvichukua, kwa kuwa mtu wa kuvipeleka Lamu alikuwa ameshapatikana.

"Vikienda havirudi," Zeina alisema. "Nami nitakwenda Lamu kufanya nini, nikae dirishani kwa wanafunzi wa kiume niwaombe wanisomee hadithi?"

Tima alikipima chuo mkononi, kama apimaye papai sokoni. "Miezi minne?" akasema. "Mwanangu, nitakumalizia kwa mmoja."

*

Chuo kile kilisimulia habari za mtu aliyetaka kumjengea mkewe nyumba ya mawe. Hapakuwa na jini. Hapakuwa na sultani wala binti wa sultani. Mtu yule alitafuta kiwanja, akakipata, kisha akaketi juu yake. Aliketi msimu wa kaskazi apate kuona jua linaingilia wapi, akaketi na msimu wa kusi aone upepo unaleta mvua upande gani. Ndipo akashuka ufuoni kutazama mawe.

Siku za kwanza ukumbi ulijaa. Tima alisoma kwa mwendo wake wa vita, sauti ikipanda panapostahili kushuka, akitumaini kwamba nyuma ya jani linalofuata kuna mtu mwenye kisu. Hakuwepo.

"Ebo, Tima," alisema Mwanakombo, jirani wa ukuta mmoja na Zeina, mwanamke mnene asiyeogopa mtu. "Huyu bwana ameshapata mawe?"

"Ameyapata. Anayaanika."

"Tangu juzi?"

"Yana chumvi. Anangoja mvua iyakoshe."

"Mume wangu angeanika mawe hivyo, saa hizi ningekuwa nimeolewa na mwingine, mwenye banda la makuti."

Wakacheka. Kesho yake Mwanakombo alikuwa na mgeni, keshokutwa na mguu. Mmoja baada ya mwingine walipungua, wakawa wanapita asubuhi tu kumjulia hali mjane, wakiuliza mlangoni kwa sauti ya chini kama wanaouliza habari za mgonjwa mahututi, "Bado anajenga?"

Aliyebaki ni Kahonzi. Huyu alikuwa mwanamke wa Kigiriama aliyeleta kuni na nazi kutoka vijiji vya bara, akitua mzigo wake ua wa nyuma wa Zeina na kupumzisha shingo kabla ya kurudi. Hakuja kwa ajili ya chuo, wala hakuwa Mwislamu. Aliketi kwenye kizingiti cha ua, miguu nje, sikio ndani.

"Tanuri hilo la chokaa," aliuliza siku moja, "kalipangia kuni gani?"

"Chuo hakisemi," Tima alijibu.

"Kitasema. Mtu huyu si wa kusahau kuni."

Majani mawili mbele, chuo kilisema: mgurure, uliokaushwa mwaka mzima. Kahonzi alijipiga paja. "Mulungu wangu! Sikusema mimi? Anajua kazi huyo."

Tima alimtazama kwa wivu kidogo. Yeye maneno yale yalimpita kama uji usio na chumvi. Kila alasiri alipokifungua chuo alihisi mabega yanakaza, na jicho lake, lile jicho lililozoea kutangulia, lilikimbia hadi chini ya ukurasa likarudi mikono mitupu. Alijaribu kutafuna tambuu. Alijaribu kusoma amesimama. Alijaribu kumwambia Zeina amfinye akianza kupiga miayo, na Zeina alimfinya mpaka mkono ukavimba. Mwezi aliouahidi ukapita na tanuri halijapoa.

Ndipo akafanya alichozoea kufanya. Siku moja ya joto, alipofika chini ya ukurasa, alishika majani matatu kwa kidole kimoja na kuyapindua pamoja. Aliendelea kusoma bila kutikisika. Mafundi waliokuwa wanakuja kazini sasa walikuwa wameshaondoka, ukuta umesimama, mwezi unawaka juu yake.

"Dada," Zeina alisema. "Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Umesema 'mafundi', kisha umeanza na 'mwezi'."

Vyuo vya kunakiliwa kwa mkono havikuwa na nambari. Mwandishi alipofika mwisho wa ukurasa, aliandika chini, pembeni, neno moja peke yake: lile litakaloanza ukurasa unaofuata. Majani yakitawanyika, neno hilo ndilo lililomrudishia mtu mpango. Na wasomaji waliofundishwa vizuri, Tima akiwa mmoja wao, walikuwa na mazoea ya kulitamka mara mbili, mara moja chini na mara moja juu, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Tima alikuwa amelitamka la chini bila kufikiri. Ulimi aliofundishwa na baba yake ulikuwa umemchongea.

"Nilikuwa nalala," Zeina alisema polepole, "lakini si usingizi wa kufa. Maneno yote yalinipita, ila lile linalosemwa mara mbili lilinifikia. Huko huko usingizini nalisikia. Mawe, mawe. Asubuhi, asubuhi. Hayakupata kutofautiana hata siku moja. Ndilo jambo pekee la chuo hiki ninalolijua."

Tima angeweza kusema samahani. Lakini mtu anayekamatwa katika jambo alilolifanya miaka mingi haoni aibu ya siku moja. Huona aibu ya miaka yote kwa pamoja, na aibu kubwa namna hiyo hutoka ikiwa hasira.

"Nimesoma mbele ya watu wazima na watoto wao," alisema, akikifunga chuo. "Sijapata kusahihishwa na mtu anayekoroma. Tafuta msomaji mwenye pumzi ya kobe, mwanangu. Mimi si kobe."

Akatoka, kanga nyuma yake ikimkimbilia.

*

Alikaa kwake, akipiga mafundo ya ukili na kuyafumua. Siku zilipita ambazo hazikuwa zake kuzitumia, na alilijua hilo. Watu walipomuuliza vipi chuo cha Zeina, alisema kifua kinamsumbua, na kwa kiasi fulani hakudanganya. Akipika, neno lilimjia mdomoni: mafundi. Akiteka maji: mafundi. Neno limekanyaga ngazi kwa mguu mmoja na ule wa pili hauna pa kushuka. Katika maisha yake yote ya kuruka hakuwahi kujiuliza nini kilichobaki ndani ya majani aliyoyaruka. Sasa alijiuliza, na likamkera kama mwiba wa samaki katikati ya meno.

Kahonzi ndiye aliyekuja. Alitua mzigo mlangoni bila kuagizwa.

"Sikuagiza kuni," Tima alisema.

"Sijazileta kuuza. Nimekuja kuuliza." Kahonzi aliketi juu ya mzigo wake. "Wale mafundi walikuja au hawakuja?"

"Kahonzi, niache."

"Umetuacha na tanuri linawaka, mama, halafu unasema niache. Yule mtoto hali. Nikimwuliza, ananiambia chuo kitaondoka na mumewe ndani. Mimi mume wangu alikufa, alikuwa mtu wa ngoma na maneno mengi, nayakumbuka yote. Yeye wake hakusema neno. Yake yote aliyasoma."

Tima alitazama mikono yake.

"Na mwendo wa kobe," Kahonzi aliongeza, akiinuka, "si mbaya sana. Mimi nakuja kutoka bara na kuni kichwani. Ningekimbia, ningefika na shingo?"

Alasiri ile Tima alipiga hodi kwa Zeina. Hakuna aliyesema samahani na hakuna aliyeombwa. Zeina alikuwa amekonda. Alitandika mkeka, akaleta chuo, na Tima akalifungua jani lile lenye neno mafundi chini yake, akalitamka, akalipindua jani moja tu.

Mafundi walikuja. Walikuja asubuhi, na mwenye nyumba akawauliza mmoja mmoja majina ya baba zao.

Ni rahisi kusimulia kwamba tangu siku ile Tima alibadilika. Haikuwa hivyo. Kila alasiri alikaa chini kupigana na umbile lake, na kila alasiri lilikaribia kumshinda. Watu husifu ushujaa wa anayekimbilia hatari. Ule wa mtu anayekaa juu ya mkeka, akizuia jicho lake lisitangulie, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ajili ya huzuni isiyo yake, huo hauna utenzi. Jasho lilimtoka. Mara nyingine alisimama katikati ya mstari, akafumba macho, akaendelea. Zeina hakumharakisha wala hakumpongeza. Alisikiliza macho wazi.

Kisha siku moja, bila kutangazwa, lilitokea jambo dogo. Tima alikuwa anasoma mahali mwenye nyumba anaporudi kuyatazama mawe aliyoyabakiza kwa vyumba vya ndani:

"Jiwe likitoka majini huwa laini, hukatika kwa shoka. Lakini lina chumvi, na chumvi haina haraka. Akaliacha jua likalinyonya, mvua ikalikosha. Akaja, akainama, akaliramba. Bado. Akaenda zake. Mwaka ukapita. Akaja, akainama, akaliramba."

Hapo Tima alinyamaza. Kwa mara ya kwanza jicho lake halikukimbia mbele. Alikuwa anataka kujua, kwa ulimi wake mwenyewe, ladha ya jiwe lile.

"Ee?" Kahonzi aliuliza kizingitini. "Bado?"

"Ngoja," Tima alisema. Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo, na Zeina aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Lakini kwa kusoma namna hiyo majani hayakuisha upesi, na zile siku alizonuna ziliwadai. Eda ikafika mwisho na chuo bado.

*

Abubakr alifika asubuhi. Alikuwa amelala Kilifi na kuvuka maji mapema, ana punda wawili na masanduku matupu, na alitakiwa kuvuka tena kabla ya adhuhuri ili awahi Malindi, kwa kuwa mtu wa Lamu hangengoja. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi barazani, nyuma ya pazia la mlango, akabisha hodi kwa heshima.

Ndani, wanawake walikuwa wamejaa kama siku ya kwanza. Walikuja kumtoa mjane: maji ya kumwogesha yalikuwa motoni, udi ulikuwa tayari, nguo yenye rangi imekunjwa kando. Mwanakombo alipona mguu. Na katikati yao Tima aliketi na chuo, na mkono wake wa kushoto bado umeshika majani yasiyosomwa.

"Shemeji," Abubakr aliita. "Jua linapanda."

"Bado kidogo, shemeji," Zeina alijibu.

"Kidogo gani?"

"Wanatia mlango!" Mwanakombo alipaza sauti.

"Mlango wa nani?"

"Wa nyumba ya chuoni!"

"Lahaula! Nina punda wenye nyama na mifupa wamesimama juani, nyinyi mna mlango wa karatasi?"

Wanawake wakaangua kicheko, lakini kicheko kikafa haraka. Mmoja akamgusa Tima goti. "Tima, mama, siku ya kukimbia ni leo. Hukufundishwa na mtu kukimbia, umezaliwa nayo. Haya, twende." Na mwingine: "Msomee kwa ule mwendo wa vita, mbona utamaliza kabla maji hayajachemka." Hata Zeina alimwinamia, uso umemsawajika kwa hofu. "Kimbia, dada. Kimbia, nisikie mwisho wake tu."

Tima aliwatazama. Aliweza. Pengine kutoka Mombasa hadi Malindi hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kama yeye. Angeyateketeza majani yale kama moto wa nyasi, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nikikimbia," alimwambia Zeina, "utanisikia mimi. Wewe hukutaka kunisikia mimi."

Akarudi kwenye mstari aliokuwa ameuacha, akausoma kwa mwendo ule ule wa jana. Ila aliipaza sauti kidogo, ivuke pazia.

Mwenye nyumba alitia mlango. Aliufungua na kuufunga, akasikiliza. Alipanda darini kutazama boriti za mikoko alizozingoja zikauke, asije akalala chini yake dari ikapinda. Nje, Abubakr aliita tena. Baada ya muda akaita mara ya tatu, kwa ukali, akitaja kivuko na mitumbwi yake. Tima hakuharakisha wala hakuchelewesha. Maji ya kuoga yalichemka, yakapoa, yakarudishwa motoni. Mwanakombo alichukua ukili wa mtu akaanza kuusuka bila kujua. Abubakr hakuita tena. Walisikia punda wanaongozwa kivulini, masanduku yanatuliwa chini. Kisha punda mmoja alilia kwa nguvu, na nyuma ya pazia sauti ya mwanamume ikasema, kwa unyenyekevu kabisa:

"Rudia hapo, bibi. Punda amenikatiza. Chokaa ya mwisho aliipaka lini?"

"Baada ya mvua za vuli, bwana," Tima alisema, akarudia.

Basi nyumba ikaisha. Mwenye nyumba akaenda kumchukua mkewe. Mke akaingia, amebeba mtungi mtupu kichwani, kwa kuwa hicho ndicho chombo alichokuja nacho kwa mumewe. Akatazama kuta, akatazama juu. Akauliza, "Mtungi niuweke wapi?" Mume hakumjibu papo hapo. Alivua viatu. Akatembea juu ya sakafu mpya, hatua kwa hatua, akisikiliza kwa nyayo wapi ni baridi. Mke akangoja, mtungi kichwani. Kisha mume akasema, "Hapa." Mke akautua.

Tima akakifunga chuo.

"Na kisha?" mmoja akauliza.

"Kwisha."

"Ndivyo tu?" Mwanakombo akaruka. "Miaka yote ile ya kuramba mawe, mtungi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na barazani pia palisikika kicheko. Zeina hakucheka. Alikuwa anatazama pembe ya ukumbi, karibu na dirisha la mashariki, ambapo kila siku jua la asubuhi huuangukia mtungi wa maji wa nyumba ile.

"Nami niliuliza hivyo," alisema. "Siku niliyoingia humu. Nilimwuliza mtungi niuweke wapi."

"Akasemaje?" Tima aliuliza.

"Sikungoja. Alisimama anafikiri, nikaona huyu atanikesha hapa. Nikautua pale nilipoona mimi." Aliinua mkono kidogo, akaushusha. "Miaka yote tumekunywa maji ya moto, dada. Hakuniambia kitu. Akija na kiu hunywa, hushukuru."

Ndipo akalia. Hakulia kilio cha matanga, alikuwa ameshakimaliza hicho. Alilia huku anacheka, kama mtu aliyefika nyumbani kwa mtu na kumkosa, lakini akayakuta mavazi yake yananing'inia. Wanawake walimwacha. Kisha walimwongoza uani kumwogesha, wakamvisha nguo yenye rangi, wakamfukiza udi. Tima alikifunga chuo katika kitambaa chake cheupe, akakipitisha chini ya pazia. Mkono wa Abubakr ulikipokea. Kivuko cha adhuhuri alikuwa ameshakikosa, na hakulitaja hilo.

Wanawake waliketi kungoja mjane avuke mlango, kama ilivyo desturi. Zeina alitoka uani, nywele mbichi, akaupita mlango wa nje bila kuutazama. Alivua viatu. Alitembea ukumbini, unyayo mmoja, kisha mwingine, akasimama chini ya ngazi, kwenye kivuli.

"Hapa," alisema.

Mtungi ulikuwa umejaa. Kahonzi aliinuka kusaidia, lakini Tima alikuwa ameshaushika upande mmoja na Zeina wa pili. Waliunyanyua pamoja. Tima alikuwa ndiye anayekwenda kinyumenyume, na alikwenda hatua fupi fupi, macho yake juu ya maji, lisimwagike hata tone.